Kompyuta ya baba

Rehema: Jamani nimerudi na ile Macintosh Classic, kompyuta ya zamani ya Apple, ya marehemu baba. Fundi kasema ile diski niliyonunua Kariakoo mbovu, programu ya kuformati (kuiandaa ipokee mafaili) haiioni kabisa, eti nikatupe tu 😢

Hamisi: Dada usitupe!! Programu gani?

Rehema: Apple HD SC Setup. Diski Quantum ya giga 1, inaunganishwa kwa SCSI (ile njia ya zamani ya kuunga diski) ya pini 50

Hamisi: Basi hiyo diski ni nzima. Ile programu inaiuliza diski jina lake, yenyewe inajibu mimi Quantum, sasa programu inataka zile zilizotiwa alama ya Apple toka kiwandani, ikikutana na jina geni inakwambia haijapata diski inayofaa hata kama inazunguka vizuri hapo hapo mbele yako

Shangazi: Wanangu ile diski ya zamani msiiguse nawaomba. Mle mna barua za kaka yangu

Rehema: Shikamoo shangazi. Ile ya megabaiti 40 nimeizungushia kanga iko kabatini, haijaguswa

Shangazi: Marahaba mama

Hamisi: Shikamoo shangazi, hiyo hatuformati hata kwa bahati mbaya. Rehema cheki jampa, vile vifuniko vidogo vya kwenye pini vinavyopanga namba ya diski, namba ya SCSI iwe 0, usiweke 7 maana hiyo ni ya kompyuta yenyewe. Na termineta iwepo, ile ya kufunga mwisho wa njia ya SCSI

Rehema: Jampa zote zimetoka. Kuna virezista vitatu vimesimama foleni karibu na pini

Hamisi: Basi namba ni 0. Hivyo virezista ndo termineta, viache. Nakutumia HD SC Setup 7.3.5 iliyorekebishwa, kuna watu waliifungua na ResEdit, programu ya kuhariri programu za Mac, wakaua ule ukaguzi wa jina. Ni imeji, yaani nakala ya flopi nzima, iandike hivyo hivyo usikopi faili moja moja Windows italiharibu, na tumia flopi ya 1.44 kwa sababu drevu ya flopi ya USB haiwezi zile za 800K

Rehema: Na nitawashaje bila diski?

Hamisi: Classic ina mfumo ndani ya ROM, kumbukumbu ya kudumu isiyofutika. Washa huku umeshikilia Command, Option, X na O kwa pamoja

Rehema: Vidole havitoshi, namwita Asha

Rehema: IMEWAKA

Rehema: Nimeingiza flopi yako, sasa programu imeiona diski!! Nimebonyeza Initialize iiformati, taa ya kijani inapepesa

Hamisi: Alhamdulillah. Iache hapo hapo usizime hata ikichelewa. Ijumaa nakuja na kasha la nje la kuwekea diski, ile ya zamani tutaipa namba 3 zisigongane, tukopi barua zote siku hiyo hiyo

Shangazi: Hamisi angalia ile aliyoniandikia nikiwa Tanga. Yangu ililiwa na mchwa