Mshauri wa wanafunzi hafai kuwa ndiye anayewafuatia alama

Walimu wenzangu, ninaandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari msingi hapa Kenya. Tangu 2023 nimekuwa pia mwalimu wa ushauri nasaha, kazi niliyokabidhiwa kwa sentensi moja katika mkutano wa walimu, bila mafunzo na bila kupunguziwa hata kipindi kimoja, nami nikaipokea kwa moyo kwa sababu niliwaona watoto waliokuwa wakiihitaji. Muhula huu nimeongezewa uratibu wa tathmini za shule za Gredi ya 7 na ya 8 pamoja na maandalizi ya KJSEA, mtihani wa kitaifa wa mwisho wa Gredi ya 9, na chumba kidogo nilichokuwa nikizungumzia na wanafunzi kimejazwa karatasi na vifaa vya miradi.

Sipingi tathmini. Katika matokeo ya mwisho ya Gredi ya 9, KPSEA, yaani tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, ina asilimia 20, tathmini za shule asilimia 20, na KJSEA yenyewe asilimia 60, kwa hiyo mwalimu anayezembea katika alama hizo anamdhulumu mtoto anayetafuta nafasi ya sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi 12). Kazi yenyewe ni nzito: kupakua maswali na miongozo kutoka tovuti ya KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya, kuchapisha, kusimamia miradi, kusahihisha, kisha kupakia alama za kila mwanafunzi usiku wa manane, wakati mtandao umepata nafuu, kwa bando ninalolinunua kwa pesa zangu. Hayo ningeyavumilia.

Nisichoweza kuvumilia ni kilichotokea wiki mbili zilizopita. Msichana wa Gredi ya 8, ambaye muhula mzima nilikuwa nikimsubiri awe tayari kusema, alikuja mwenyewe wakati wa mapumziko. Hatukuwa tumemaliza dakika tano naibu wa mwalimu mkuu alipoingia kutaka orodha ya wanafunzi ambao hawajakamilisha mradi wa Kilimo, akaisoma kwa sauti papo hapo, na jina la msichana huyo likiwamo. Siku ya pili nilipomwita, aliniuliza kama ninamwitia mradi. Nilimwambia sivyo, lakini alitazama chini na kunyamaza, na tangu siku hiyo hajarudi.

Mwanafunzi hawezi kumfungulia moyo mtu aliyemwandikia asubuhi kwamba yuko "Mbali na Matarajio", kiwango cha chini kabisa cha tathmini, kisha alasiri anamtaka aeleze ni kwa nini halali usiku. Wanaokuja kwangu wana njaa, wamefiwa, wamekosa sodo, au wanaishi na mzazi mlevi, na siku hizi wapo pia wanaolazimishwa nyumbani kuchagua mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) ilhali mioyo yao iko kwenye Sanaa na Michezo. Wote hao wanahitaji mtu asiye na daftari la alama mkononi. Viboko vilipigwa marufuku mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza adhabu ya kimwili na unyanyasaji wa kiakili, nasi tukaambiwa kwamba mahali pa kiboko patashikwa na ushauri nasaha. Ushauri huo utapashikaje ikiwa hauna kipindi kwenye ratiba, hauna chumba, na mwalimu wake ndiye yule yule anayewaandama wanafunzi kwa miradi?

Nilipolalamika niliambiwa kwamba tovuti ina tarehe ya kufungwa ilhali ushauri hauna tarehe. Jibu hilo limeniumiza kuliko kazi yote niliyoongezewa, kwa sababu mtoto aliyekata tamaa naye ana tarehe yake, ila haiandikwi na mtu yeyote.

Jumatatu ninawasilisha barua ya kuomba chumba kirudishwe na uratibu wa tathmini upewe mwalimu mwingine, nami niko tayari kumsaidia kupakia alama hadi muhula uishe. Waliofaulu kuyatenganisha majukumu haya katika shule zao, nielezeni mliandika nini, na mlianza kwa nani: mwalimu mkuu, bodi ya usimamizi, au ofisi ya TSC, Tume ya Huduma za Walimu, ya kaunti ndogo.