Mjadala: "Incarnadine" ni rangi ya nyama au rangi ya damu?

Wakuu, nimechoka kusikia kwamba anayeandika "incarnadine" kwa Kiingereza akimaanisha nyekundu ya damu eti kakosea. Hoja yao ni kwamba neno linatokana na "carne" ya Kiitaliano, yaani nyama, kwa hiyo rangi yake ni waridi hafifu, kama ngozi ya Mzungu. Mimi nasema hajakosea. Anayebisha aje na hoja.

Asili sibishani nayo. Neno liliingia Kiingereza karne ya 16 kupitia Kifaransa, likiwa kivumishi cha rangi hiyo hiyo ya waridi. Ila likamkuta Shakespeare. Katika tamthilia yake, Macbeth katoka kumuua Mfalme Duncan, anaitazama mikono yake, anajiuliza kama bahari nzima ya Neptune, mungu wa bahari wa Warumi, itaiosha damu ile. Wapi! Mkono huu ndio utakaozigeuza bahari nyekundu. Hapo kivumishi "incarnadine" kimefanywa kitenzi, na wekundu wenyewe ni wa damu mbichi. Nani atasoma pale aone waridi?

Tena tazama kinachofuata: "Making the green one red". Vijineno vifupi vya kila siku. Jamaa alijua wale waliosimama chini ya jukwaa lile neno refu litawapita, akawafasiria papo hapo. (Hata hapo pana ugomvi: toleo la tamthilia la 1623 lina mkato baada ya "one", yaani ile ya kijani inakuwa nyekundu. Wahariri wa baadaye wakausogeza nyuma, kijani chote kiwe wekundu mmoja. Mimi niko na wahariri. Bahari nzima rangi moja ndiyo inayotisha.)

Wapinzani wangu wana silaha moja nzuri na nashangaa hawaitumii. FitzGerald, mshairi Mwingereza, katika tafsiri yake ya 1859 ya mashairi ya Mwajemi Omar Khayyam, ana ndege anayeliimbia ua la waridi habari za divai nyekundu, ili shavu la njano la ua hilo liive rangi, na kitenzi chake ni hicho hicho "incarnadine". Pale damu hakuna. Sawa, lakini hilo linathibitisha tu kwamba neno lina maana mbili, halithibitishi kwamba moja ni kosa.

Na anayeng'ang'ania asili anijibu kwanza: sweta ya shule ya rangi ya damu ya mzee, ni mzee gani alitolewa damu?