MREJESHO: Ile intaneti ya nyumbani iliyokuwa inajivuta, tatizo limepatikana

Wakuu habari zenu, nimerudi kama nilivyoahidi. Mimi ndo yule niliyelalamika nalipia 30 Mbps (megabiti kwa sekunde, yani kasi ya intaneti) ila simu inapima 3 au 4 tu, na usiku ndo inakuwa balaa kabisa.

Nilianza na ule ushauri mlionipa wa kuchomeka waya wa rauta moja kwa moja kwenye laptopu, nikapima, ikaja 29! Yani laini ilikuwa nzima muda wote na mimi nshawapigia mafundi mara tatu nikiwalaumu bure, hapo roho iliniuma. Shida ilikuwa waifai. Rauta ilikuwa nyuma ya tivii, imebanwa na king'amuzi, vumbi limejaa, halafu ukuta wa pili yake kuna friji. Nikashusha programu ya kuangalia chaneli (njia za mawimbi ambazo waifai inapitia), nikakuta waifai tisa za majirani zote zimerundikana chaneli 6 na yangu imo humohumo. Nikahamia 11, rauta nikaitundika juu ya mlango wa sebuleni, na simu nikaziunga kwenye 5 GHz, yani yale mawimbi mengine ya rauta yenye kasi zaidi. Sasa sebuleni napata 27, chumba cha mwisho 18, hapo nimeridhika.

Kingine, faili likishuka kwa MB (megabaiti) 3.75 kwa sekunde msistuke, hiyo ndo 30 Mbps yenyewe, unagawa kwa 8 maana baiti moja ni biti 8. Mimi hilo nilikuwa silijui.

Asanteni sana, hasa aliyesema nianze na waya, Mungu akubariki mkuu.