Naomba ushauri: kijana wetu hana kitambulisho, na Jumatatu twaenda kwa chifu

Mwana_Mtongwe
Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Nataka ushauri wa haraka, na wale wa kucheka tafadhali wapite tu. Mamangu apika mahamri na mbaazi za kuuza hapa Mtongwe, Mombasa. Kuna kijana amsaidia kwa muda sasa: ndiye akandaye unga usiku, ndiye avushaye ndoo kwa feri alfajiri kupeleka madukani Mji wa Kale. Shida hana kitambulisho. Zamani haikuwa neno. Sasa wenye maduka karibu wote walipa kwa M-Pesa, naye hawezi kusajili laini, basi pesa zaingia kwa simu yangu na kila jioni ni hesabu na kununiana. Juzi askari wakamsimamisha pale feri, ndoo ikakaa juani mpaka nikaenda kumtoa. Sitasema nilimtoaje. Mzee wa mtaa naye ashaanza kuuliza maswali.
Swali langu ni hili: mtu mzima ambaye hajawahi kuchukua kitambulisho, akienda kwa chifu huulizwa nini hasa? Na kama cheti cha kuzaliwa kipo tayari, lazima mzazi afike mwenyewe?

Shangazi_wa_Likoni
Mahamri ya Mtongwe yenye iliki nyingi? Kama ni hayo nayajua, na mwambie mamako siku hizi yamekuwa madogo.

Fundi_Bomani
Aende na cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha baba au mama, ajaziwe fomu kwa naibu wa chifu, kisha alama za vidole na picha. Akiwa ashapita umri wa shule ataulizwa alikuwa wapi miaka yote hiyo. Mzazi akiwepo mambo huwa mepesi. Zile kamati za wazee za kuwachuja watu wa kaunti za mpakani, Rais Ruto alitia saini ziondoke, Februari 2025 kule Wajir. Lakini kuondoka kwa kamati si kuondoka kwa maswali.

Wakili_Nusu
Kabla hatujafika kwa chifu. Kijana ana miaka mingapi, na amezaliwa wapi?

Mwana_Mtongwe
Miaka inatosha. Amezaliwa huku chini.

Wakili_Nusu
Chini wapi? Diani ni chini. Lunga Lunga ni chini. Tanga pia ni chini.

Mwana_Mtongwe
Muheza, kule Tanga. Lakini ni mtu wetu kabisa, Mdigo, hata ukimsikia akiongea huwezi kumtenga na mtu wa Msambweni.

Mwalimu_Mstaafu
Hilo la Udigo ni kweli na lina historia. Mpaka huu wa Kenya na Tanzania waliuchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kuanzia mlango wa mto Umba pale karibu na Vanga kwenda juu mpaka Ziwa Victoria. Wadigo na Wasegeju hawakuulizwa. Mtu alilala na shamba upande mmoja na wakwe upande mmoja, akaamka ni wa nchi mbili. Mimi nimefundisha karibu na Lunga Lunga watoto waliokuwa wakivuka asubuhi kuja darasani na jioni kurudi kwao, na hatukuona ajabu. Siku hizi mtoto bila cheti cha kuzaliwa hata kumwingiza kwenye mtambo wa wizara ni kazi.

Kapteni_Shimoni
Mwalimu umenikumbusha mbali. Sisi Shimoni tuliwapokea Wapemba Januari 2001 wakikimbia yale mauaji ya kwao Zanzibar, watu wamejazana majahazini na watoto. Wengine walikuwa huku tangu zamani za babu zetu. Wamevua samaki, wamezaa, wamezika, na mtu hana karatasi. Ukikamatwa na boti huna leseni, ukitaka leseni huna kitambulisho. Samaki wako auza mwingine kwa jina lake, akupe anachotaka. Serikali ilikuja kuwatambua 2023. Wamakonde wao walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi Oktoba 2016 ndipo wakasikizwa, wakaitwa kabila la 43. Kwa hiyo kijana wako asubiri, itafika zamu yake.

Wakili_Nusu
Kapteni, hao walikuwa na madai ya kukosa uraia, hawakuwa na nchi nyingine ya kuwatambua. Kijana wa Muheza ni Mtanzania, ana kwao. Ni mambo mawili tofauti.

Mpiga_Kasia
Mimi nitasema wasilotaka kusema wengine. Vijana wa Mtongwe wamekaa maskani, na kazi ya kukanda unga amepewa mtu aliyevuka njia ya panya. Kwa sababu gani? Kwa sababu hana pa kushtaki akilipwa kidogo. Mama mwulize amlipa ngapi.

Mwana_Mtongwe
Vijana wa maskani tulijaribu. Saa nane za usiku wewe utaamka kukanda unga? Huyu alala kwetu, ala kwetu. Mambo ya mshahara tuachie wenyewe.

Shangazi_wa_Likoni
Alala kwenu ndo taabu sasa. Nyumba ya pili kutoka kwangu walikutwa Waethiopia wamefungiwa chumba kimoja, wasubiri kushukishwa Lunga Lunga waingie Tanzania, safari yenyewe ati ni ya Afrika Kusini. Maskini hata maji walikuwa wakiogopa kutoka kuteka. Aliyewaleta hakuonekana tena. Aliyebebwa na gari la polisi ni bibi mwenye nyumba, na yeye alidhani amepata wapangaji watulivu.

Wakili_Nusu
Shangazi kwa mara ya kwanza umegusa penyewe. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011: kuwepo nchini bila idhini ni kosa, faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Na anayemweka mtu wa namna hiyo hali akijua, naye yumo.
Mwana_Mtongwe, hujajibu kitu. Kama amezaliwa Muheza, hicho cheti ulichosema kipo tayari ni cha nani?

Kisiwa_Tupu
Alipaswa kuingia vipi kwani? Rais Uhuru Kenyatta si alisema siku anaapishwa Novemba 2017 kwamba Mwafrika Mashariki akiwa na kitambulisho chake atafanya kazi na kuoa na kukaa?

Wakili_Nusu
Hotuba haigongwi muhuri. Kenya, Uganda na Rwanda ndizo zilizokubaliana 2014 watu wavuke kwa vitambulisho. Tanzania haikuingia. Mtanzania avuka mpaka pale Horohoro kwa pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, apewa siku zake, zaweza kufika miezi 6. Kazi yataka kibali.

Chai_Kavu
Mwenye uzi kanyamaza kama ofisi ya serikali saa saba mchana.

Mwana_Mtongwe
Nilikuwa kazini. Cheti ni cha ndugu yangu marehemu. Alizama akiwa kijana, na lau angekuwa hai wangelingana na huyu. Cheti kimekaa kabatini, kitambulisho hakuwahi kuchukua. Ni mama mwenyewe aliyekitoa, sikumwomba. Asema mtoto amemwondokea kwa maji na mwingine amemjia kwa maji, kwa sababu huyu aliingia kwa jahazi la Vanga. Sasa mimi nimwambie nini? Na hatumuibii mtu. Marehemu hadai kitu.

Ustadh_Majengo
Innaa lillaahi. Ndugu yangu, Suratul Ahzab aya ya 5, waiteni kwa baba zao. Kumnasibisha mtu na asiye baba yake si jambo la kuchezewa. Mpendeni, mlisheni, mwiteni mwana kwa mapenzi. Jina la baba ni la baba.

Fundi_Bomani
Na mimi niseme la kidunia. Maziko yalifanyika vipi? Kama naibu wa chifu alitoa kibali cha maziko, kifo kimeandikwa. Kutokwenda kuchukua cheti cha kifo hakumfufui mtu kwenye daftari.

Mwana_Mtongwe
Alizikwa siku ile ile kabla ya Magharibi. Kibali alishughulikia ami. Na yupo mtu amesema hilo atalitazama. Ashachukua nusu, elfu nane, nusu nyingine kitambulisho kikitoka.

Binti_Kuze
Kumbe mushalipa. Basi ushauri wataka wa nini? Lakini hebu nikuulize, kile kiwanja cha nyumba kina jina la nani?

Mwana_Mtongwe
La marehemu baba. Kwani kimehusu nini?

Binti_Kuze
Kimehusu kwamba Jumatatu utampa baba yako mrithi mpya wa kiume. Kwetu Kuze tulikuwa na binamu wa kulea tu, wala si wa vyeti, na baada ya miaka akaja na wazee kudai chumba cha mbele cha dukani. Tulikwenda kwa Kadhi mpaka nyanya akafa kesi haijaisha. Huyo wako atakwenda na karatasi za serikali, na mkono wa mama yako umetia sahihi.

Mwana_Mtongwe
Huyu hana tamaa hiyo. Namjua.

Pwani_Kazi
Samahani, huyo wa elfu nane yuko upande gani? Niandikie faraghani.

Wakili_Nusu
Jambo moja lanisumbua. Amekaa muda wote huo bila kitambulisho. Haraka ya Jumatatu ni ya nini? Feri si sababu, ungemkataza kuvuka.

Mwana_Mtongwe
Kuna posa. Baada ya mfungo twataka kufunga nikaha na hatutaki mzee wa mtaa aje kuharibu.

Wakili_Nusu
Posa ya nani?

Mwana_Mtongwe
Yeye na dadangu mdogo.

Chai_Kavu
Subirini. Subirini kwanza nikae. Jumatatu awa kakake, baada ya mfungo awa mumewe?

Kapteni_Shimoni
Nimevua miaka mingi sijapata samaki wa namna hii.

Ustadh_Majengo
Chai_Kavu usicheke. Kwa dini si nduguye, nikaha yafaa. Lakini cheti cha ndoa kwa Kadhi chandikwa kwa kitambulisho. Baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi litakuwa jina moja, mtaa mmoja. Nani atakayekubali kuifungisha hiyo?

Mwana_Mtongwe
Kuna majina mengi yanafanana Mtongwe.

Macho_Mbili
Nimesoma kutoka juu na sasa niseme. Hadithi hii imetungwa. Kwanza kijana hana kitambulisho tu. Ukimbana, ni wa Muheza. Ukimbana tena, cheti cha maiti. Ukimbana, posa. Kila mukikamua latoka jipya. Na bei ya dalali aliitaja bila kuulizwa, papo hapo akatokea Pwani_Kazi kuomba namba. Hawa ni watu wawili simu moja, watafuta wateja. Ama ni askari, ataka kuona nani hapa atasema "namjua mtu".

Pwani_Kazi
Mimi si yeye! Mimi nina shemeji wangu, nimeuliza tu.

Shangazi_wa_Likoni
Yaani askari? Na mimi nishaeleza habari za jirani. Yafutwaje haya maneno?

Mpiga_Kasia
Shangazi nyumba ya pili kutoka kwako sasa kila mtu aijua.

Mwana_Mtongwe
Macho_Mbili, siwezi kuweka picha ya cheti cha marehemu hapa ili ufurahi. Nani atunge habari ya nduguye kuzama? Sikusema yote mwanzoni kwa sababu ya watu kama nyinyi. Nilijua mutaruka kwenye posa na kuacha swali.

Macho_Mbili
Alizama wapi?

Mwana_Mtongwe
Sitajibu hilo.

Mwalimu_Mstaafu
Macho_Mbili, hilo umevuka. Iwe ya kweli au ya kutunga, wapo wanaosoma kimya walio katika hali hii hii. Wakili, mpe njia iliyo wazi.

Wakili_Nusu
Sawa. Ubalozi mdogo wa Tanzania upo hapa hapa Mombasa mjini. Aende huko kwanza, aulize hati ya dharura ya kurudi kwao, na muwe na wakili au watu wa msaada wa kisheria kabla hajafika mbele ya ofisa wa uhamiaji, kwa sababu hana muhuri wa kuingilia na hilo halifichiki. Kwao achukue pasipoti, aingie tena Lunga Lunga kwa mlango. Aoe kwa jina lake na la babake. Ndoa ikidumu miaka 7, Ibara ya 15 ya Katiba yamruhusu kuomba uraia. Watoto hawana haja ya kungoja: mama Mkenya, mtoto Mkenya, Ibara ya 14, hata azaliwe Muheza. Jina la uongo ndilo litakaloharibu yote hayo, maana uraia uliopatikana kwa hila hunyang'anywa.

Mwana_Mtongwe
Miaka saba, na M-Pesa?

Wakili_Nusu
Mwenye pasipoti husajili laini kwa pasipoti.

Kapteni_Shimoni
Akienda apande gari la asubuhi asibebe mizigo mingi. Asithubutu kurudi kwa jahazi, siku hizi doria za baharini ni kali.

Mwana_Mtongwe
Mama hataki asafiri. Asema akivuka kwenda kwao hatarudi, wataona amepata akili watamwoza huko. Na yule mtu hatarudisha elfu nane, ashapiga simu leo asema faili imeshafunguliwa. Mimi naona twende hiyo Jumatatu tusikie tu chifu asemaje.

Fundi_Bomani
Kwa chifu huendi kusikia. Waenda kutia sahihi.

Binti_Kuze
Dadako ajua cheti ni cha nani?

Mwana_Mtongwe
Ajua kuna cheti.

Binti_Kuze
Sikuuliza hivyo.

Mwana_Mtongwe
Nitakaa naye baada ya Jumatatu. Kwa sasa ana mambo mengi ya harusi, sitaki kumchanganya.

Binti_Kuze
Mpe simu yako usiku huu asome kutoka juu mpaka hapa. Yeye ndiye ataitwa shemeji na wifi wa nafsi yake.

Pwani_Kazi
Jamani mimi bado nangoja ile namba.