Kinyago cha Kimakonde kimekosa mchongaji? Nimetoka makumbusho Ujerumani nikiwa na hasira

Ndugu wanajukwaa,

Siku tatu zimepita na hasira haijaniisha. Nikiwa safarini Ujerumani niliingia katika jumba moja la makumbusho ya sanaa, nikalipa kiingilio cha euro 14, nikaanzia ghorofa ya juu kwenye picha za rangi za mafuta. Huko kila picha ina kibao chenye jina la mchoraji, mwaka aliozaliwa, mwaka aliofariki, hata jina la mwalimu wake. Nikadhani huo ndio utaratibu wa jumba zima.

Kumbe sivyo. Chini, katika chumba chenye mwanga hafifu, nilikutana na lipiko, kinyago cha ngoma cha Wamakonde. Mimi ni mzaliwa wa Newala, sihitaji kuelezwa lipiko ni kitu gani. Ilikuwa kazi ya fundi hasa: nembo za usoni zimebandikwa kwa nta ya nyuki mstari kwa mstari, nywele halisi za binadamu zimepachikwa utosini, na mdomo umeachwa wazi kwa kuwa mchezaji hukivaa kinyago hicho kichwani kama kofia na kuonea hapo mdomoni. Kibao chake kilisema tu: “Kinyago cha kichawi, Afrika Mashariki.”

Kichawi! Lipiko huchezwa vijana wanapotoka jandoni, mchana kweupe, kina mama wakipiga vigelegele.

Nilipomuuliza mhudumu, alinijibu kwa upole kwamba wachongaji wa Kiafrika hawakuwa na desturi ya kujitambulisha. Hilo nalikataa kabisa. Kwetu mchongaji hodari hujulikana kijiji hadi kijiji, na mwenye jicho humtambua kwa mkono wake. Waliochukua vinyago ndio ambao hawakuuliza. Wala wasisingizie ukosefu wa vifaa, kwani Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani wa mila na tamaduni, alifika Newala mwaka 1906 akiwa na kamera na mashine ya kunasa sauti. Ikiwa sauti za wazee wetu ziliweza kusafirishwa hadi Ujerumani, jina la mtu mmoja lingeshindikanaje kuandikwa daftarini?

Nimewaandikia barua nikidai neno “kichawi” liondolewe, na mahali pa jina paandikwe wazi kwamba mchongaji hakuulizwa. Aliyekutana na kibao cha namna hii popote ughaibuni, naomba aweke picha yake hapa, ataje na mji, niiambatanishe kwenye barua ya pili.