Tupeane uzoefu: kutembea msituni na kwenye tindiga huku Nyanda za Juu Kusini

Mtu wa Uporoto
Wakuu, habari za jioni. Nyuzi za Kilimanjaro zimejaa humu, ila huku kusini watu wanatembea wanarudi wananyamaza. Nataka hadithi za ile mizunguko ya kawaida: unaanza asubuhi, unapita msitu, unashuka bondeni, unavuka tindiga (lile eneo la maji na matope), jioni umerudi ulipoanzia. Siyo lazima uwe ulifika kileleni.

Naanza mwenyewe. Februari mwaka juzi tulikwenda watano Kitulo kupitia Chimala. Wanaoijua barabara ya Matamba na kona zake 57 wanaelewa tulifika na matumbo ya namna gani. Mwezi tuliuchagua kwa ajili ya maua. Kati ya Desemba na Aprili ndipo Kitulo, ile Bustani ya Mungu, inachanua, na ndipo mvua inapopiga, vinakuja pamoja hivyo hivyo. Msitu haukutusumbua: miinuko ya wastani, ukungu, stori nyingi. Kasheshe ilikuwa kurudi. Ukiwa juu, lile bonde unaliona kama uwanja wa mpira, kijani tupu. Nikawa wa kwanza kusema tukate katikati tufupishe. Mwongozaji hakubishana. Alichomeka fimbo yake kwenye majani hatua moja mbele yangu, akaisukuma taratibu kwa mkono mmoja mpaka ngumi ikagusa nyasi. Fimbo hiyo ilikuwa inamfika kifuani. Akaichomoa, ikalia *mwaa*, akaniangalia tu.

Tukazunguka pembeni, tukiruka kutoka kishungi kimoja cha nyasi hadi kingine. Cha sita au cha saba kikainama. Mguu ukazama hadi gotini, ukatoka na soksi bila kiatu. Ile nyanda iko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo baridi ya yale maji nisiwasimulie.

Haya, nani anafuata?

Kona zote
Mimi ni Ziwa Ngozi. Najua siyo mzunguko, unarudi njia ile ile, lakini nihesabiwe. Nilivaa raba zilizoisha soli, maana niliambiwa "ni kutembea tu". Kwenda sikuona shida. Kurudi mvua ilikuwa imenyesha, mizizi imekuwa kama imepakwa mlenda. Sehemu kubwa nimeshuka kwa makalio, na kaptula iliishia pale pale. Ila juu ukingoni tulikaa nusu saa nzima hatuoni kitu, ukungu mtupu, tunakula viazi vya kuchemsha vya baridi. Mara ukafunguka. Ziwa lile pale chini, kijani, limetulia, kuta za msitu pande zote. Dakika tano hivi, likafungwa tena. Hakuna aliyekumbuka kupiga picha.

Mbishi wa Tukuyu
Yaani mnalipa hela mkakanyage matope? Mimi nimeyakanyaga miaka saba kwenda shule, bure kabisa, na nikifika nachapwa kwa kuchelewa.

Kona zote
@Mbishi wa Tukuyu hahaha, mkuu wewe ndiye ulipaswa kuwa mwongozaji wetu.

Mama Vinyungu
Kamwene. Mnachokiita tindiga, sisi Mufindi ndiyo shamba. Vinyungu vyetu, yaani bustani za bondeni, viko huko huko, kiangazi kikikaza watu wanapata mahindi mabichi na mboga. Nilizunguka na wageni wa mdogo wangu kutoka Dar: tukatoka kwenye mashamba ya chai, tukapita msituni, tukashukia bondeni kwa bibi yetu mmoja. Wageni wakaona pamelowa, wakadhani ni pori la mtu yeyote, wakapita juu ya matuta. Bibi alisimama na jembe hakusema neno. Mmoja akamwambia "shikamoo bibi" huku amesimama juu ya maharage yake! Alimjibu marahaba, kisha akamwonyesha kwa kidole pa kupita: ukingo wa mfereji. Jamani, bondeni fuateni mfereji. Wenyewe wanapita hapo, na udongo wake umeshikana. Tulipoondoka alitufungia maboga mawili, nikabeba mimi maana wageni walikuwa hoi.

Ndaga Fijo
Msitu wa Rungwe, upande wa mianzi. Nilikwenda kumtafuta kipunji, yule kima wa kishungi kichwani ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005. Walimtangaza wao, maana wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake tayari. Masaa manne msituni, siafu ndani ya suruali mara mbili, kipunji sikumwona. Nilisikia mlio mmoja mbali, kama mtu anayekohoa na kupiga honi kwa pamoja. Mwongozaji akasema ndiye. Nimeamua kumwamini. Ushauri: suruali ichomekeni kwenye soksi, mengine yatajipa.

Chai ya Rangi
@Mtu wa Uporoto hapo Kitulo mliviona vishimo vya chikanda? Sisi tulivikuta kando ya njia. Watu wanachimba viazi vya orkidi, vinasafirishwa mpaka Zambia kutengenezewa hicho chakula kiitwacho chikanda. Kidude chenyewe hakizidi kidole gumba, na mmea ukishang'olewa ndiyo basi. Nilikuwa naila nikienda Tunduma bila kujua inakotoka. Sasa ikiwekwa mezani nakuwa mzito.

Halafu hujamaliza. Kiatu je?

Mtu wa Uporoto
Vishimo tuliviona mkuu, vitatu, vimejaa maji.

Kiatu mwongozaji alikivua kwa ile ile fimbo, kama anavua kambare. Nilikifua kijitoni, nikafika nacho Matamba kikilia *chwa chwa* kila hatua. Bado ninacho. Cha kulia cheupe, cha kushoto kahawia, na sabuni zote nimeshajaribu.