Mtoto wa miezi 3, mikunjo ya mapaja hailingani. Nimwache tu?

Mama Chausiku: Wadau, habari za usiku. Binti yangu wa kwanza ana miezi 3. Mikunjo ya mapaja hailingani, na nikimbadilisha pampasi mguu wa kushoto ni mgumu kutanuka. Halii, ananyonya vizuri. Waliopitia, huwa inakaa sawa yenyewe?

Kiroboto: Baba yake yuko wapi? Anaangalia mpira?

Dada wa Tabata: Mbeleko, bibie! Mtoto akibebwa mgongoni miguu inatanuka. Mnawafunga khanga miguu imenyooka kama muwa. Wangu alichelewa kutembea, nikaambiwa nimfukie miguu mchangani Coco Beach. Nikamfukia. Akatembea siku alipoona aiskrimu.

Nesi Mstaafu: Mikunjo peke yake haisemi kitu, wengi wanayo. Mguu kutotanuka ndiyo habari. Alizaliwaje?

Mama Chausiku: Alitanguliza makalio, nikapasuliwa. Walimkunja magoti wakamzungusha nyonga, wakasema turudi wiki ya 6 kwa utrasaundi.

Nesi Mstaafu: Mkarudi? Wakasemaje? Mwanangu, mbona kama nakung'oa jino?

Mama Chausiku: Wakampa mikanda ya Pavlik, ile ya kushikilia miguu ikiwa imekunjwa na kutanuka ili nyonga ikae sawa, avae usiku na mchana. Alivaa siku 8. Joto la Mbagala mnalijua, akatoka vipele, majirani nao maswali. Mama mkwe anamjua bibi wa Korogwe anayechua nyonga. Tiketi za Ijumaa tumeshakata. Mikanda ipo, sijaitupa.

Kibonge wa Temeke: Chai hii. Mwanzo "inakaa sawa yenyewe?", kumbe kuna utrasaundi, mikanda na tiketi. Kesho atatokea pacha.

Kiroboto: Picha ya mikanda au uzi ufungwe.

Mama Chausiku: Niliona aibu. Wewe ungeanza kwa kusema umemvua mtoto tiba yake?

Nesi Mstaafu: Hata kama ni chai, kuna anayesoma mwenye mtoto kama huyo. Kichwa cha mfupa wa paja kikikaa kwenye kikombe chake, kikombe kinachimbika vizuri. Mikanda inafanya kazi hiyo mtoto akiwa chini ya miezi 6. Baada ya hapo mara nyingi ni nusu kaputi na plasta toka kiunoni hadi miguuni. Kuchua hakurudishi nyonga. Nenda hospitali, MOI (taasisi ya mifupa) Muhimbili au CCBRT, sema ukweli wa vipele na siku alizokosa. Usimfunge mwenyewe kwa kubahatisha, mikanda ikikaa vibaya inadhuru.

Dada wa Tabata: Tiketi moja niuzie mimi, Ijumaa nina msiba Korogwe.

Mama Chausiku: Mikanda imeota ukungu kidogo kule kabatini. Inafuliwa?